Maziwa Yaliyomtangulia Mtoto

Farasi wa kwanza niliyemgusa maishani alinikanyaga mguu. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nimevaa gambuti zilizonizidi saizi mbili, na mwenzangu mmoja wa darasani, mwanamume mrefu kutoka Kanda ya Ziwa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe ulivyo mfupi, farasi utamfikia wapi?" Nilimjibu kwamba nitamfikia nikipanda juu ya ndoo. Sikuwa natania. Mpaka leo nyuma ya pikipiki yangu nafunga ndoo ngumu ya plastiki, na nimeshaizoea kama wengine walivyozoea miwani.

Nilizaliwa mlimani, Uluguru, mahali ambapo shamba limesimama kama ukuta na mtu akiangusha boga inabidi alifuate bondeni. Kwetu tulikuwa na mbuzi, nguruwe na kuku. Farasi tulimwona kwenye kalenda. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wangu aliposikia ninakwenda kusomea udaktari wa mifugo alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema kazi ya kuingiza mkono ndani ya ng'ombe si ya mtoto wa kike. Nilimpa shikamoo, nikamletea maji ya kunawa, nikamwekea ugali na mboga, na wiki iliyofuata nikaenda. Hakunisamehe kwa muda mrefu. Nami sikuomba msamaha.

Haya ninayotaka kusimulia yalitokea miaka michache iliyopita, wakati wa masika. Nilikuwa na duka dogo la dawa za mifugo Kihonda. Asubuhi nauza chanjo ya kideri cha kuku na dawa za kupe, mchana natembelea wagonjwa. Miongoni mwa wateja wangu alikuwepo mama mmoja mjane, matroni mstaafu wa shule ya bweni, mwenye shamba upande wa Bigwa, chini kabisa ya mlima. Marehemu mumewe alipenda farasi. Alikuwa akiwakodisha kwa maharusi, watoto wa mjini wakipandishwa siku za Jumapili. Alipofariki aliacha farasi watatu, na watoto wao wakubwa walioko Dar es Salaam wakamsihi mama yao awauze. Aliuza mmoja. Wawili, dume aliyehasiwa na jike la kijivu, akabaki nao. Na jike lile, kabla mumewe hajafariki, lilikuwa limepelekwa kwa dume la rafiki yake. Kwa hiyo mimba ile ilikuwa jambo la mwisho ambalo marehemu alilipanga.

Siku aliyonipigia simu alikuwa na furaha.

"Mwanangu, njoo uone. Maziwa yameanza kutoka. Anakaribia."

Nilihesabu kwa vidole nikiwa bado nimeshika simu. Farasi hubeba mimba miezi kumi na moja. Jike lile lilikuwa na miezi minane na nusu.

"Mama," nilisema, "usimkamue. Usimguse. Nakuja."

Nilipofika nilimkuta mtunza farasi, bwana mmoja wa makamo kutoka Dodoma aliyekulia na punda, amesimama mlangoni mwa banda akitabasamu. Alikuwa amemsafisha jike yule mpaka anang'aa. Kiwele kilikuwa kimejaa, na kila baada ya muda tone la maziwa lilidondoka kwenye majani makavu. Nilinyanyua mkia. Pale chini, kwenye nywele za ndani ya mkia, palikuwa na ukoko wa uchafu wa rangi ya majivu. Haukuwa mwingi. Mtu asiyetafuta asingeuona.

Nikapanda juu ya ndoo, nikavaa glavu ndefu ya kufika begani, nikampima kwa mashine ya ultrasaundi niliyoazima. Kwenye kioo niliona ukuta wa kizazi na kondo la nyuma, pale karibu na mlango wa kizazi, vimenenepa kuliko inavyotakiwa. Katikati, mahali ambapo viwili hivyo hupaswa kushikana kama kiganja na kiganja, palikuwa na giza. Wadudu wa maradhi walikuwa wamepanda kutoka nje, wakapita mlango wa kizazi, wakaanza kulila kondo. Kisha nikatafuta mtoto. Nilitafuta sana. Nikauona moyo wake, mdogo, unapiga.

Nilishuka nikamwambia mama ukweli. Maziwa hayo si habari njema. Mwili umedanganywa ukadhani wakati umefika. Kondo limeambukizwa, na mtoto akitoka leo hataweza kuvuta pumzi.

Mama yule hakulia. Alikunja khanga yake begani, akauliza, "Lakini yu hai?"

"Yu hai."

"Basi tuanze."

Hatukuanza hivyo kirahisi. Mimi nilikuwa bado kijana katika kazi, na katika mji wetu kulikuwa na daktari mkongwe wa mifugo aliyenichukua baada ya chuo akanifundisha kazi ya mitaani: kushona jeraha kwenye vumbi, kumtuliza ng'ombe wa watu wenye hasira, kusema hapana. Nilimheshimu, na bado namheshimu. Nilimwomba aje atazame. Alikuja kesho yake, akampima, akanawa mikono taratibu, akaniita pembeni, chini ya paa la banda, mvua ikinyesha.

"Binti, choma sindano mimba itoke. Mwokoe mama. Kwa huyu mtoto huna chako."

"Moyo unapiga, mzee."

"Leo unapiga. Wiki ijayo utakuwa na mzoga ndani ya tumbo, na jike nalo utalipoteza. Utaua wote wawili halafu utasema ulijaribu."

"Naomba siku chache nipime damu."

"Damu ya nini?"

"Homoni."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kula kwa uma. "Homoni," alirudia. Akavaa kofia yake akaondoka.

Sasa nieleze kwa nini nilitaka damu, kwa kuwa jambo lote lilisimama juu ya hilo. Mtoto wa farasi akiwa tumboni ana tezi mbili ndogo, zimekaa juu ya figo zake. Kwa kawaida hulala usingizi mpaka siku za mwisho kabisa, siku mbili au tatu kabla ya kuzaliwa. Ndipo huamka zikamwaga homoni ya msongo, na homoni hiyo ndiyo inayoyaivisha mapafu, utumbo, na kila kitu anachohitaji kuishi nje. Mtoto anayetoka kabla ya hapo ni mbichi. Lakini kondo likiugua polepole, mtoto huona shida mapema, na tezi zile zinaweza kuamka mapema. Akipewa muda, anaiva kabla ya siku zake. Akishtukizwa, anakufa. Mabaki ya kazi ya tezi zile hupita kwenye kondo, na mama hubeba homoni zaidi ya kawaida katika damu yake. Kwa hiyo damu ya mama ni kama moshi unaotoka jikoni: humwoni mpishi, lakini unajua kuna mtu.

Mama mjane nilimweleza kwa ndizi. "Kwetu mlimani tunachimba shimo, tunaweka mkungu, tunafukizia moshi. Ndizi inaiva upesi. Moshi ukigeuka moto, umeunguza. Huyu mtoto yuko kwenye moshi. Kazi yangu ni kuzuia moto."

Aliitikia kwa kichwa. "Nimekuelewa. Zuia."

Hakuna mahali mjini nilipopajua pa kupima homoni za farasi. Nikaenda na kichupa changu cha damu, nimekifunga kwenye barafu, kwenye maabara binafsi wanakopima watu. Nyuma ya dirisha alikaa dada mmoja mwenye nywele za kusuka, kalamu mkononi.

"Jina la mgonjwa?"

"Acha wazi kwanza."

"Umri?"

"Miaka kumi na miwili."

"Kipimo?"

"Homoni za ujauzito, na ya msongo."

Kalamu ikasimama. "Ana mimba?"

"Miezi tisa kasoro."

Aliweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika. "Dada, hii ni kesi. Mtoto yuko wapi? Nani amemfanyia hivi? Hutoki hapa bila kuniambia."

"Ni farasi."

Alinitazama usoni, akatazama gambuti zangu zenye tope la Bigwa, akarudi usoni. Kisha alicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akawaita wenzake wawili waje wanione. Walicheka wote, nami nikasimama pale nikawasubiri wamalize. Walipomaliza nikasema bado nataka kipimo. Dada yule aliniambia mashine yao imetengenezwa kwa damu ya binadamu, namba haitakuwa na maana. Nikamwambia sitaki namba, nataka mwelekeo. Nitaleta damu ya jike huyohuyo kila baada ya siku chache, wao wapime kwa mashine ileile, wanieleze tu kama inapanda au inashuka. Alifikiri, akakubali. Kwenye sehemu ya jina aliandika "Mama Kijacho".

Matibabu yalikuwa haya. Vidonge vya kuua wadudu, vingi, mara mbili kwa siku. Tulivitwanga kwenye kinu, tukavichanganya na pumba na molasi iliyoletwa kutoka Turiani, maana bila utamu ule jike alikuwa anageuza uso kama bibi harusi. Sindano ya kupunguza uvimbe. Na dawa ya kutuliza kizazi kisikaze, ambayo rafiki yangu aliniletea kutoka Nairobi, ya maji maji, ambayo mwanamke hapaswi kuishika kwa mkono mtupu kwa sababu hupenya kwenye ngozi na kuvuruga siku zake. Nilivaa glavu mbili. Mtunza farasi aliuliza kama yeye itamdhuru. Nilimwambia avae na yeye. Akavaa, akasema polepole kwa sauti yake ya Dodoma, "Dokta, mie nimezaa sita, zinatosha, lakini navaa."

Majibu ya pili ya damu yalionyesha homoni imepanda. Ya tatu, imepanda zaidi. Nilichukua karatasi zile nikampelekea daktari mkongwe nyumbani kwake. Alizisoma akiwa amesogeza miwani kwenye paji la uso.

"Si unaona mwenyewe?" alisema. "Imepanda. Mtoto ana msongo. Anakufa huyo."

"Mzee, maiti haina msongo."

Alizirudia karatasi kuanzia mwanzo.

"Ingekuwa imeporomoka, ningekuja kukuomba hiyo sindano yako," nilisema. "Imepanda kwa sababu kuna mtu ndani anajibu. Anapigwa, na anajibu. Mimi siwezi kumtoa mtu anayejibu."

"Umeshaanza kumwita mtu."

"Nimeshaanza."

Alinirudishia karatasi. Hakuniambia nenda wala hakuniambia rudi. Nilitoka. Sikuwahi kumjibu hivyo mtu aliyenifundisha kazi, na njiani nilijiuliza kama ni ujasiri au ni kiburi.

Kulikuwa na kiburi ndani yake. Nasema hivi kwa sababu ya kilichofuata. Baada ya kama wiki tatu uchafu ulikauka, maziwa yakapungua, jike akala vizuri, na mimi nikaona nimeshinda. Nikaacha dawa ya kuua wadudu. Hakuna aliyeniambia niache. Niliacha kwa sababu nilitaka kwenda mjini kusema mgonjwa wangu amepona. Siku ya tano mtunza farasi alinipigia. Jike amekataa chakula, amesimama na kichwa chini, na uchafu umerudi, safari hii wa njano.

Nilifika kipimajoto kikiwa mkononi. Alikuwa na homa. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, simu mapajani, sauti imefunguliwa, na mwanawe mkubwa alikuwa akiongea kutoka Dar es Salaam.

"Mama, huyu ni mnyama tu. Unajichosha. Unachoma afya yako kwa mnyama."

"Nimekusikia, baba."

"Mwambie huyo dokta wako amalize hii habari."

"Yupo hapa. Anakusikia."

Kijana aliniamkia kwa adabu, akakata simu. Mama alinigeukia. "Niambie bila kunibembeleza. Nini kimetokea?"

Ningeweza kusema ugonjwa ni mgumu. Ni kweli ulikuwa mgumu. Lakini nilimwambia, "Nimekosea mama. Niliacha dawa mapema. Nilitakiwa kuendelea mpaka siku ya kuzaa."

Alinikazia macho, yale macho ya matroni aliyezoea kusikia uongo wa mabweni mazima. Mvua ilikuwa imekatika na mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani.

"Angekuwa ni wako, ungefanyaje?"

"Nisingemchoma ile sindano. Ningeanza upya."

"Basi anza upya," alisema. "Na usiache tena. Mimi niliwahi kumwuguza mume wangu miaka miwili wakati watu wananiambia nipumzike. Kupumzika ni kufanya nini? Niende nikakae kwenye kochi nitazame ukuta?"

Tulianza upya. Siku ile nilitoa damu nikaipeleka maabara, nikakaa kwenye benchi lao kati ya akina mama wajawazito, kila mmoja na kadi yake ya kliniki, mimi na kichupa cha farasi. Nilikuwa na hakika homoni itakuwa imeporomoka. Nilishaandaa maneno ya kumwambia mama. Dada wa maabara alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, karatasi mkononi, akaniinamia sikioni. "Mama Kijacho bado yuko juu. Juu kabisa."

Niliisoma ile karatasi mara mbili. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza kama majibu ni mazuri. Nikamwambia ndiyo. Akanipongeza, akanishauri nile mchicha.

Kuanzia hapo sikuondoka shambani jioni bila kuwafundisha wawili wale kuhusu kuzaa. Hatari ya kondo bovu ni hii: siku ya kuzaa linaweza kubanduka lote kabla mtoto hajatoka. Kwa kawaida kinachotangulia kuonekana ni chupa ya uzazi, nyeupe, laini, na ndani yake miguu. Kondo likibanduka, kinachotangulia ni kitu chekundu, kama mahameli. Maana yake mtoto amekatiwa hewa na bado yuko ndani, na una dakika tu. Nilichukua gunia, nikaweka mpira wa watoto ndani, nikawaonyesha mahali pa kukata. Mtunza farasi aliandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa: NYEUPE SUBIRI. NYEKUNDU KATA. Mama akatundika mkasi wake wa kushonea kwenye msumari chini ya maandishi hayo, baada ya kuuchemsha.

Kila mtu aliniambia farasi huzaa usiku. Vitabu vyangu vilisema hivyo, daktari mkongwe alisema hivyo. Huyu alichagua saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, mimba ikiwa na miezi kumi na siku chache, nikiwa dukani Kihonda nampimia mteja chanjo ya kuku.

Simu iliita. Alikuwa mtunza farasi. "Dokta, amelala chini. Kuna kitu kinatoka."

"Rangi gani?"

Nilisikia anapumua. "Chekundu."

Kutoka Kihonda hadi Bigwa, hata ningepaa, nisingefika.

"Mkasi! Kata! Kata sasa hivi!"

"Nimeushika, Dokta. Nikimkata mtoto je?"

"Humkati mtoto, unakata mfuko! Kata!"

Kulikuwa na kishindo, simu ikaanguka, nikasikia sauti ya mama, kali, sauti ya kengele ya asubuhi bwenini: "Lete hapa!" Nilibaki nimeshika simu dukani, wateja watatu wamenizunguka, hakuna aliyeuliza bei ya chochote. Nikasikia mama akisema, "Bismillahi." Nikasikia maji yakimwagika.

"Mama! Umeona miguu?"

"Naona miwili na pua!"

"Vuteni! Kuelekea chini, kwenye visigino vya mama yake! Anaposukuma, vuteni!"

Mteja wangu mmoja, mzee wa kanzu aliyekuja kununua dawa ya mbuzi, aliinua viganja vyake akaanza kuomba dua kimyakimya. Sijui ilichukua muda gani. Nikasikia kitu kizito kikianguka kwenye majani. Halafu sauti kama ya mtu anayepenga kamasi.

"Anapiga chafya," alisema mtunza farasi, na akaanza kulia.

Nilifunga duka kwa kufuli moja badala ya mawili. Nilipofika shambani nilikikuta kitoto kimelala juu ya blanketi, mama mjane amepiga magoti kando yake, damu mpaka kwenye viwiko, anamsugua kwa taulo. Alikuwa mdogo, dume, rangi nyeusi kama mvua iliyo karibu. Paji la uso limevimba, masikio yamelegea kama majani ya mgomba yaliyopigwa jua, manyoya laini ya hariri. Kila alama ya mtoto aliyetoka kabla ya siku zake alikuwa nayo. Lakini niliweka sikio langu kwenye mbavu zake, nikasikia hewa inaingia mpaka chini kabisa na kutoka. Mapafu yalikuwa yameiva.

Nilimwambia mama, "Umezaa." Akanijibu, "Mimi nimekata tu. Huyu amejizaa mwenyewe."

Shida ilikuwa haijaisha. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye kinga, yalikuwa yamekwisha kudondoka kwenye majani kwa wiki nyingi. Mtoto wa farasi asiyepata dang'a hana cha kujikinga nacho, na kila mdudu ni mdudu wake. Nilikuwa nimelifikiria hilo, kwani kinga hiyo inaweza kutolewa kwenye damu ya farasi mkubwa, lakini mifuko ya kukingia damu niliyoagiza ilikuwa haijafika. Nilisimama pale nikipiga simu huku na huku, hakuna aliyekuwa nayo.

Saa nane mchana gari la daktari mkongwe liliingia getini. Mama ndiye aliyempigia, bila kuniambia. Alishuka na mifuko minne mkononi. Hakunisalimia, alimwendea moja kwa moja yule farasi dume aliyehasiwa, akampapasa shingo, akanyoa manyoya mahali pa mshipa.

"Shika kichwa," aliniambia.

Nikashika. Alikinga damu mpaka mifuko ikajaa, tukaitundika kwenye boriti. Damu ya farasi ikitulia hujitenga upesi, nyekundu inashuka chini, juu yanabaki maji ya rangi ya asali, na ndiyo yenye kinga. Tuliyatoa tukamtundikia kitoto kwenye mshipa wa shingo, tone kwa tone. Ilituchukua mchana wote mpaka jioni.

Kisha alisema, "Niletee kondo."

Tulilitandaza juu ya turubai. Sehemu kubwa ilikuwa nzuri, nyekundu, laini. Lakini pale lilipokaa juu ya mlango wa kizazi palikuwa pamenenepa kama ngozi ya kiatu, rangi ya kahawia, pamefunikwa na ute. Alipiga goti akapapasa mpaka kati ya sehemu nzima na sehemu iliyooza, taratibu, kwa vidole vyake vya miaka arobaini ya kazi.

"Una bahati sana, binti," alisema.

Niliwaza jinsi ya kumjibu. Alikuwa ameleta mifuko. Pasipo yeye mtoto yule angekufa baada ya siku tatu, na ninalisema hilo popote. Lakini nilikuwa nimechoka, na damu ya farasi ilikuwa imekauka kwenye nyusi zangu.

"Ahsante kwa mifuko, mzee," nilisema. "Lakini si bahati."

Akainuka, akajipangusa goti, akaondoka.

Kitoto kilisimama siku ya pili kwa kusaidiwa, siku ya nne chenyewe. Mifupa midogo ya magoti ilikuwa bado laini, kwa hiyo tulimzuia asikimbie, tukamfunga miguu ya mbele kwa vipande vya bomba la maji vilivyopasuliwa na kuwekewa pamba. Mguu mmoja ulinyooka. Wa pili una kigosho, umepinda mpaka leo. Hatabeba mtu. Mwana wa Dar es Salaam alipokuja kumwona aliuliza atakuwa na kazi gani, na mama akamjibu, "Kazi yake ni kuwepo. Wewe ulipokuwa na wiki moja ulikuwa na kazi gani?" Kijana alicheka, akampiga picha. Baadaye nilisikia picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye kioo cha simu yake.

Miezi kadhaa ilipita. Wataalamu wa mifugo wa mkoa tulikutana mjini, ukumbini, kama tunavyofanya mara kwa mara, soda na keki kavu mezani. Daktari mkongwe alipewa nafasi ya kuzungumza. Alizungumza vizuri, kwa mifano, watu wakicheka. Katikati akasimulia habari ya jike la kijivu. Alisema katika kazi yetu kuna mambo ya sayansi na kuna mambo ya nasibu, na akatoa mfano wa "binti mmoja hapa hapa Morogoro" aliyekataa ushauri akaangukiwa na nasibu, nasi tusimwige.

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti akasema maswali ni baadaye. Nikasimama.

"Si swali," nilisema. "Binti huyo ni mimi."

Ukumbi ukageuka. Daktari mkongwe akasema kwa upole, upole wa kweli, "Kaa, binti, tutaongea."

Sikukaa. Niliwaambia damu ilionyesha nini wiki ya kwanza na wiki ya mwisho. Niliwaambia kosa langu la kuacha dawa, kwa sababu nilijua likifichwa litamuua farasi au punda wa mtu mwingine. Niliwaambia nani alikata mfuko na kwa mkasi gani, na nani alileta mifuko ya damu, nikamwonyesha kwa mkono wazi. Niliwaambia kwamba mtoto aliye tumboni naye ana la kusema, na kwamba sisi tuliosomea kazi hii tumezoea kumsomea hukumu kabla hatujamsikiliza. Nilikunywa soda ya mtu aliyekaa mbele yangu, nikaendelea.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Afisa mifugo mmoja wa kike, mgeni, aliyekaa nyuma kabisa, alifungua daftari lake akauliza, "Ile dawa ya kutuliza kizazi, kwa punda unampa kiasi gani?"

Nikamgeukia nikamwambia, na yeye akaandika.